Siz Wake Ndiye Alikuwa Dawa: Stori ya Robin Roberts, MDS na Kupandikizwa Uboho

Kama wewe ni mtu wa kucheki TV za majuu, huyu mama unamjua hata kama jina linakutoroka. Robin Roberts wa Good Morning America, yule wa nywele fupi na ile sauti ya kukuamsha pole pole. Mwezi wa tano 2012 ndiye alikaa na Obama kwa ile intavyuu ambayo rais alisema wazi anaunga mkono ndoa za jinsia moja, na dunia nzima ikaongea. Wiki chache kabla ya hapo kipindi chao kilikuwa kimewapiku wapinzani wao wa Today, mara ya kwanza baada ya miaka 16 ya kula vumbi. Kazi ilikuwa imeiva kabisa.

Kumbe siku ile ile kipindi chao kinawapiku wapinzani, yeye alikuwa ameambiwa na madaktari kwamba anaumwa. Tarehe 11 mwezi wa sita akaketi mbele ya kamera akawaambia watazamaji kwamba ana ugonjwa unaitwa MDS. Mwaka wa 2007 alikuwa amepigana na saratani ya matiti akaishinda. Matibabu yaliyomwokoa wakati huo ndiyo yalimletea huu mwingine. Na dawa ya huu mwingine haikuwa kwa duka lolote la dawa. Ilikuwa ndani ya mifupa ya siz wake mkubwa, Sally-Ann.

Sasa, mbona nakuletea stori ya 2012? Kwa sababu ya grupu ya WhatsApp.

Kuna jirani yetu mtaani, tumwite Fundi kwa sababu ni fundi wa nguo. Ndiye alinishonea yunifomu kutoka darasa la kwanza hadi fomu foo. Siku moja nikajipata nimeongezwa kwa grupu ya mchango wa matibabu yake, picha yake ikiwa na namba ya paybill chini, unajua zile. Kila mtu humo ndani alikuwa na jibu lake. Mmoja anasema ni saratani ya damu, mwingine anasema ameishiwa tu na damu apewe bitiruti na mnavu, ankoli mmoja wa ocha anasema amerogwa na mtu wa ploti jirani. Halafu kukaletwa ripoti ya daktari, imeandikwa MDS, na kwamba anafaa kupandikizwa uboho. Na yule bro wake ambaye wote tulidhani ndiye tegemeo akaandika kwa grupu: "Mimi siwezi kubali kufyonzwa uti wa mgongo, nina watoto." Akajitoa kwa grupu.

Grupu ikanyamaza siku mbili. Mimi pia sikuwa na la kusema, kwa sababu hata mimi nilidhani ni uti wa mgongo. Ukweli usemwe, niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa nasomea udaktari, kwa hivyo haya yote unayosoma hapa nimeyauliza, nikayasoma, nikarudi kuuliza tena. Lakini nimeyaelewa, na wewe utayaelewa.

Uboho ni nini kwanza

Ushawahi kunywa supu ya mifupa? Ile kitu laini, yenye mafuta, ambayo mzee hugonga mfupa kwa sahani ndio aitoe aifyonze, huo ndio uboho. Wewe pia unao, haswa kwa mifupa ya nyonga, mbavu, kifua na pingili za mgongo. Uti wa mgongo ni kitu tofauti kabisa. Huo ni ule waya mkubwa wa neva unaopita katikati ya pingili, unaobeba ujumbe kutoka kwa ubongo. Hakuna mtu anaugusa wakati wa kutoa uboho. Hapo tu ndipo familia nyingi hupotelea, kwa neno moja.

Kazi ya uboho ni kutengeneza damu. Hapo ndani kuna seli shina, zile za mwanzo kabisa, ambazo huzaa aina tatu za chembe: nyekundu za kubeba oksijeni, nyeupe za kupigana na magonjwa, na chembe sahani za kugandisha damu ukijikata. Na hii kazi hailali. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, chembe sahani wiki moja hivi au kidogo zaidi, na zile nyeupe za mstari wa mbele hazimalizi hata siku chache. Mwili wako unatengeneza chembe nyekundu kama bilioni 200 kila siku, na wewe umekaa tu hapo unascroll.

Kwa MDS, jina refu ni mielodisplasia, hizo seli shina zimeharibika kwa jeni zake. Picha mama wa mandazi. Unga umejaa beseni, jiko limewaka, mama anatoka jasho, lakini mandazi yanatoka mabichi ndani, mengine yanaungua kabla ya kufika kwa sinia. Ukichungulia jikoni unaona kazi ni mob. Ukiangalia sinia, ni tupu. Ndio maana uboho wa mgonjwa wa MDS mara nyingi umejaa seli hadi pomoni, na bado damu yake iko chini.

Kwa mtu wa kawaida dalili zake hazina adabu ya kujitambulisha. Kuchoka. Kuhema ukipanda ngazi za ghorofa mbili. Uso kufifia. Vidonda na homa zisizoisha kwa sababu chembe nyeupe ni chache, ama fizi kutoa damu na alama za bluu kwa ngozi bila kugongwa. Fundi alitibiwa malaria mara mbili, taifodi mara moja, na akapewa vidonge vya madini ya chuma miezi mingi. Vidonge haviwezi saidia hapa, kwa sababu chuma si ndiyo imekosekana, ni kiwanda kimeharibika. Kilichomwokoa ni hemogramu, kile kipimo cha kawaida cha hesabu ya damu, ambacho kilionyesha aina zote tatu za chembe ziko chini kwa pamoja. Ukiona hivyo kwa karatasi ya mzazi wako, usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge tu. Omba daktari wa damu. Jibu kamili hutoka kwa uboho wenyewe, wakiutoa kidogo kwa mfupa wa nyonga nyuma na kuuangalia kwa hadubini na kupima kromosomu.

Ugonjwa hauambukizwi. Wengi wanaoupata wamepita miaka 60, na kwa wengi wao sababu haijulikani, ni jeni tu zimechakaa na umri. Kwa wengine sababu iko: tibakemikali au mionzi ya saratani ya zamani, kama Robin, ama kukaa miaka mingi na benzini, ile kemikali iliyo kwa petroli na kwa moshi wa sigara. Ankoli wa ocha, kama unasoma hii, mtu wa ploti jirani hana hatia.

Kwani hakuna tembe?

Dawa ziko, na kuna watu hukaa nazo miaka. MDS si moja. Madaktari huipima kwa pointi, wakiangalia damu iko chini kiasi gani, kromosomu zimeharibika vipi, na asilimia ya seli changa ambazo hazijakomaa kwa uboho. Kawaida hizo seli changa hazifai kupita asilimia 5. Zikifika 20, mchezo umebadilika, hiyo sasa inahesabiwa kuwa lukemia kali. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wa MDS huishia huko.

Kwa hivyo mzee wa miaka 80 mwenye MDS ya pole pole anaeza kuongezewa damu mara kwa mara na kudungwa sindano za kuchochea chembe nyekundu, na maisha yasonge. Mwenye ile ya hatari hupewa azasitidini, dawa ya kuituliza. Kuituliza, si kuimaliza. Kitu pekee kinachoeza kuing'oa na mizizi ni kubomoa kiwanda kizima na kuweka kingine kutoka kwa mtu mwingine.

Hapo mtu mmoja kwa grupu aliuliza swali la maana sana: si Tanzania wanafanya hii kitu, mbona tuende mbali? Ni kweli, Muhimbili walianza kupandikiza uboho mwaka wa 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikaanza mwaka wa 2023. Lakini kuna aina mbili. Kule Muhimbili walianza na wagonjwa wa mieloma, ambao hutolewa seli zao wenyewe, wanapigwa dawa kali, halafu wanarudishiwa. Kwa MDS hiyo haisaidii, kwa sababu seli zako mwenyewe ndizo mbovu, ni kama kurudisha unga ule ule wenye dudu. Benjamin Mkapa walianza na watoto wenye selimundu, na hao hupewa uboho wa ndugu. Hiyo ndiyo aina Fundi alihitaji, ila yeye ni mtu mzima na ugonjwa wake ni mwingine, na daktari wake akamwelekeza India, kama vile Wakenya wengi huelekezwa.

Hesabu ya ndugu

Uboho hauchaguliwi kwa grupu ya damu. Unachaguliwa kwa alama zinaitwa HLA, ambazo ni kama kitambulisho kilichobandikwa kwa seli zako. Kinga ya mwili husoma hizo alama ndio ijue nani wa nyumbani na nani mgeni.

Sasa fikiria karata. Baba ako na karata mbili za HLA, mama ako na mbili. Kila mtoto hupewa karata moja ya baba na moja ya mama. Ukihesabu, unapata michanganyiko minne. Kwa hivyo ndugu yako wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana na wewe kabisa, asilimia 50 ya kulingana nusu, na asilimia 25 ya kutolingana hata kidogo. Ukiwa na ndugu mmoja, nafasi ni robo. Ukiwa na watatu, inapanda hadi kama asilimia 58. Ukiwa na watano inafika 76. Ile familia kubwa ya ocha mlikuwa mnaiona mzigo ya karo, hapo ndipo inalipa. Mzazi na mtoto karibu kila mara ni nusu, kwa sababu wanashiriki karata moja. Na ndugu wa kambo wa baba tu ama mama tu hawezi kuwa kamili, labda kwa bahati ya ajabu. Hii huwa inazua ngori kwa familia zingine, siri za zamani zikitoka kwa karatasi ya maabara, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Robin alikuwa na ndugu watatu, na Sally-Ann akatoka kamili. Kama asingekuwepo, Robin angetafutwa mtu baki kwa rejista, na hapo ndipo stori inatuhusu sisi watu weusi moja kwa moja. Kwa hesabu za rejista ya Marekani, Mzungu akitafuta mtu baki anayelingana naye kabisa ana nafasi ya kama asilimia 79. Mmarekani mweusi, 29. Sababu ni mbili. Moja, watu weusi waliojiandikisha ni wachache. Mbili, Afrika ndiko binadamu wameishi muda mrefu zaidi, kwa hivyo alama zetu zina aina nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote duniani. Huo utajiri wa damu unageuka shida siku unatafuta mtu anayefanana na wewe. Rejista zote za dunia zina zaidi ya watu milioni 40, lakini ukiwa Mkamba ama Mluo ama Mdigo, wanaofanana na wewe wengi wako nyumbani na hawajawahi kupimwa. Afrika Kusini wana rejista yao tangu 1991. Sisi huku, kwa vitendo, rejista yako ni mathe, fatha na wale mlizaliwa nao.

Ndio maana Robin alitumia kipindi chake kuwaomba watu wajiandikishe, na simu zikaanza kulia kwa rejista siku hiyo hiyo.

Kama hakuna aliye kamili, usikate tamaa. Siku hizi nusu inatosha mara nyingi. Madaktari wa Johns Hopkins kule Marekani walisaidia kugundua kwamba ukimpa mgonjwa dawa inaitwa siklofosfamidi siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikizwa, zile seli za mfadhili zilizo na hasira zaidi zinakufa, na zile za kujenga damu zinabaki. Hiyo imefungua mlango kwa watu weusi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu karibu kila mtu ako na mzazi, mtoto ama ndugu wa nusu.

Venye mfadhili anatolewa

Rudi kwa bro wa Fundi sasa. Kuna nesi mmoja kwa grupu, mpwa wa mtu, ambaye alimfuata hadi kwake Jumapili akamweleza kwa chai. Ilimchukua miezi minne kukubali. Miezi minne, na Fundi hapo katikati analazwa na nimonia mara mbili. Simlaumu sana, hakuna mtu alikuwa amemweleza kabla ya kumwomba. Lakini hiyo miezi ilikuwa ndefu.

Njia ya kwanza ya kutoa: mfadhili anadungwa sindano ndogo chini ya ngozi kila siku kwa siku nne au tano. Hiyo dawa inafukuza seli shina kutoka kwa mifupa ziingie kwa damu. Mifupa inauma kama ya mtu mwenye homa, kichwa kidogo, unachukua dawa ya maumivu. Halafu unalazwa kwa kiti, damu inatoka mkono mmoja, inapita kwa mashini inayochuja hizo seli, inarudi mkono ule mwingine. Masaa manne hivi au zaidi. Unaeza kucheki mechi mbili.

Njia ya pili: unalazwa usingizi wa dawa, na sindano inavuta uboho kutoka kwa mfupa wa nyonga nyuma, pale juu ya makalio. Ukiamka unahisi kama umeanguka kwa bodaboda ukakalia mawe. Siku kadhaa kiuno kinauma. Uboho wako unajijaza tena ndani ya wiki chache. Hakuna mfupa unakatwa. Hupooshwi, na nguvu za kiume hazihusiki hapo kabisa. Naandika hivyo wazi kwa sababu ndilo swali bro alimuuliza nesi, kwa sauti ya chini, mke akiwa jikoni.

Kitu kingine hakuna mtu alikuwa ametuambia: kama unaeza kuwa mfadhili wa uboho wa mtu, usikimbilie kuwa wewe ndiye unampa damu yako moja kwa moja akiongezewa. Mwili wake unaeza kujifunza kukukataa mapema. Damu ya kuongezewa itoke kwa benki ya damu, na wewe ukitaka kusaidia, changia benki. Chembe sahani huhifadhiwa kama siku tano tu, kwa hivyo zinahitajika kila wiki, si kila harambee.

Upimaji wa HLA ni wa damu kidogo ama kijiti cha pamba ndani ya shavu. Uulizieni kabla hata ya kubuni bango la mchango. Tulichanga miezi mitatu kabla hatujajua kama kuna mfadhili, na ingekuwa hakuna sijui tungeambia watu nini. Bro akapimwa. Kamili.

Siku sifuri

Kwanza wanabomoa. Karibu wiki nzima ya tibakemikali kali, wakati mwingine na mionzi, kuua uboho wa zamani. Nywele zinaanguka, mdomo unajaa vidonda, chakula hakipiti. Zamani hii ilikuwa ya vijana tu kwa sababu wazee hawangehimili. Siku hizi kuna dozi za chini, na watu wa miaka 70 na kitu wanafanyiwa kama moyo na mapafu yako fiti.

Halafu inakuja siku sifuri, wanaihesabu hivyo, na ukiingia kwa chumba utashangaa. Hakuna upasuaji. Ni mfuko umetundikwa, unaingia kwa mshipa kama damu ya kawaida. Seli zenyewe zinajua njia, zinaogelea hadi kwa mifupa na kujikalisha. Mtu wa kwanza kuonyesha hii kitu inaezekana ni daktari Mmarekani E. Donnall Thomas, aliyeanza na mapacha wanaofanana miaka ya 50, watu wengi wakifa njiani na wenzake wengi wakikata tamaa. Yeye hakuwacha. Akapewa Nobel 1990.

Kwa Robin siku sifuri ilikuwa 20 Septemba 2012, pale New York. Wiki tatu tu kabla, siku yake ya mwisho kwa kipindi, alikuwa amekimbia nyumbani Mississippi kumwona mama yake. Alifika akiwa bado hai, na mama akafariki usiku huo. Kwa hivyo aliingia kwa chumba cha hospitali akiwa bado na matanga moyoni, na siz yake aliyempa seli pia alikuwa amefiwa na mama huyo huyo.

Kutoka hapo unangoja. Wiki mbili hadi nne bila kinga yoyote. Chumba cha peke yako, kila anayeingia ananawa na kuvaa barakoa, kila asubuhi wanapima damu kutafuta dalili kwamba mbegu imeshika. Fundi alikuwa ananitumia namba kwa WhatsApp bila maneno. 0.1. 0.1. 0.2. Halafu siku ya 17: 0.6, na picha ya kidole gumba.

Hii si muujiza wa bei rahisi

Ningekuwa mwongo nikuache hapo. Carl Sagan, yule mwanasayansi wa nyota wa kipindi cha Cosmos, pia alikuwa na MDS. Siz yake Cari alilingana naye kabisa. Alipandikizwa mara tatu, kwa hospitali ile ile ya Seattle ambako huyo Thomas aliijenga hii kazi. Alifariki Disemba 1996, nimonia, akiwa na miaka 62. Mwandishi wa sinema Nora Ephron alikuwa na MDS akaficha karibu kila mtu, ikageuka lukemia, akafariki Juni 2012, siku 15 tu baada ya Robin kutangaza yake. Hadi leo, hata kwa hospitali kali zaidi, kuna wagonjwa ambao hawamalizi mwaka wa kwanza, wengine kwa maambukizi, wengine kwa sababu ugonjwa umerudi.

Na wengine kwa hii: umebadilisha jeshi lako lote, umeleta askari wa mtu mwingine. Wao wakifika wanaangalia ngozi yako, tumbo lako, ini lako, wanasema huyu ni mgeni, na wanaanza kupiga. Ngozi inatoa upele na kuchubuka, tumbo linaendesha, macho yanageuka manjano. Ndio maana mgonjwa humeza dawa za kutuliza kinga miezi mingi. Lakini madaktari hawataki kuwatuliza kabisa, kwa sababu askari hao hao ndio wanawinda zile seli za MDS zilizojificha. Ukiwafunga kamba sana, ugonjwa unarudi. Ukiwaachilia, wanakula mwenyeji. Kazi yote ya mwaka wa kwanza ni kuishika hiyo kamba.

Kwa upande wa doo, ni mamilioni, na bili ya hospitali si yote. Ni watu watatu wanasafiri: mgonjwa, mfadhili na wa kumwangalia. Ni nyumba ya kukodi karibu na hospitali kwa miezi, kwa sababu siku 100 za kwanza hawataki uwe mbali. Ni dawa zikirudi nyumbani. Mchango wetu ulipiga hesabu ya upasuaji ambao hata haupo, na ukasahau kodi ya nyumba. Ukikaa kwa kamati ya mtu, uliza hospitali wakuandikie gharama za mwaka mzima, si za kulazwa tu.

Robin alirudi kwa kiti chake tarehe 20 Februari 2013, miezi mitano kamili baada ya siku sifuri, na bado yuko hewani.

Fundi amerudi mtaani mwaka wa pili huu. MDS haionekani kwa vipimo. Ngozi ya mikono yake imekuwa ngumu, hao askari hawajatulia kabisa, na kupitisha uzi kwa sindano ni shida, kwa hivyo mashini anaendesha kijana na yeye anakata na kupima. Anapewa chanjo upya moja baada ya nyingine kama mtoto, kwa sababu kinga yake ya zamani ilibomolewa na ile mpya inaanza darasa la kwanza. Zile za virusi hai, kama ya surua, aliambiwa angoje miaka miwili. Na kwa kadi yake ya hospitali, grupu ya damu iliyokuwa B sasa ni O, ya bro. Bro alirudishwa kwa grupu ya WhatsApp na hata akafanywa admin. Kila Fundi akikasirika na mteja, bro anaandika kwamba hiyo ni damu yake inaongea.